Rafu ya Waliomaliza wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu mwenye mpango lazima auandike, la sivyo watu watasema alibahatisha.

Hali ilivyo: nina vigari sitini na kimoja. Ni vile vya umeme, vyenye pini chini ya tumbo. Pini inaingia kwenye mfereji wa njia, unabonyeza kibonyezo mkononi, kigari kinatimua mbio. Ukizidisha kwenye kona kinaruka na kwenda kujificha chini ya kabati. Njia yangu imejaa chumba cha nyuma, ukuta kwa ukuta. Kuingia ni lazima uvue viatu na uvuke daraja kwa hatua moja ndefu.

Leo mwenzangu kapata kazi. Sare arobaini za shule, zinatakiwa mwisho wa mwezi. Tangu anunue cherehani hajawahi kupata oda kubwa hivi. Nilimkuta sebuleni amepiga magoti, anakata kitambaa sakafuni, maana meza yetu ya kulia ni nyembamba na kitanda kinabonyea. Akasema anakihitaji chumba cha nyuma. Nikasema chumba kile kina mkusanyiko. Akauliza mkusanyiko wa nini. Nikasema wa vigari.

"Mteja akija kwangu ananiambia anachotaka kwa sentensi moja," akasema. "Akishindwa, ujue hajui anachotaka. Haya, na wewe niambie kwa sentensi moja. Unakusanya nini?"

Nina magari ya mbio, teksi mbili, lori la maziwa, na kitu cha kijani ambacho nadhani ni trekta. Sentensi haikuja. Aibu!

Tukakubaliana, tukapeana mikono kama watu wazima. Jumapili klabu yetu ina Onyesho la Rafu Moja. Kila mwanachama anapewa rafu moja, anapanga magari yasiyozidi kumi na mawili, na mbele yake anaweka kadi yenye sentensi moja tu ya kueleza anakusanya nini. Gari likiwa nje ya sentensi, umekwisha. Nikishinda, chumba ni changu na hatakitaja tena. Nikishindwa, njia inang'olewa na cherehani inahamia. Akauliza kama huko klabuni huwa tunaonyesha rafu au tunacheza rafu. Nilimpuuza.

Bajeti: elfu kumi na tano, niliyokuwa nimetenga kwa ajili ya viatu. Viatu vitasubiri. Cha kushoto kimefungua mdomo, lakini cha kulia bado kina adabu.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Kujalidi vitabu maktabani ni kazi inayomfaa mtu mwenye akili, kwa sababu gundi hukauka polepole na kichwa kinabaki huru. Leo saa nne asubuhi, brashi mkononi, wazo likanishukia.

Wakusanyaji wote wanataka nini? Gari lililoshinda. Wanaligombania, bei inapaa, mtu wa kipato changu anabaki anatazama kwa mbali. Sasa, nani analitaka gari lililomaliza wa pili? Hakuna! Lilikimbia barabara ileile, siku ileile, likapitwa kwa urefu wa pua. Leo limelala kwenye droo za watu, halina bei. Wa pili! Mimi mwenyewe kazi hii niliipata baada ya wa kwanza kuikataa, na sijaona kasoro yoyote.

Nilifurahi mpaka nikajalidi kitabu cha ufugaji wa nyuki ndani ya jalada la sheria za barabarani. Mkutubi mkuu alikigeuza mbele na nyuma. Halafu akasema gundi yangu imekaa vizuri.

Nyumbani nikachambua vigari vyote. Waliomaliza wa pili wako wanne tu. Nikaandika sentensi: Ninakusanya magari ya mbio yaliyomaliza wa pili. Nikamsomea mwenzangu. Alikuwa na pini tano mdomoni, hivyo hakuweza kusema, lakini alitikisa kichwa kwa kukubali. Miaka tisa ya ndoa, na hii ni mara ya kwanza vigari vyangu kutikisiwa kichwa upande huo.

Sasa wanne kwenye rafu ni kama meno ya mzee. Nahitaji wengine, na najua waliko.

Jumatano, 5 Machi

Kwa Daktari wa Meno. Niandike wazi: simpendi. Klabuni ndiye mwenye fedha. Anakusanya washindi watupu, kawafungia kwenye kabati la kioo lenye taa ndani, na mimi huniita Bwana Gundi mbele za watu. Lakini kwa bahati mbaya aliwahi kununua makatoni kwa jumla, na waliomaliza wa pili amewatupa kwenye droo moja na pamba kuukuu. Nimewaona kwa macho yangu.

Simu zangu hapokei. Kwa hiyo nikajifanya jino linaniuma, nikapanga foleni na wagonjwa wa kweli. Mpango: nikishakaa kitini nimpe teksi mbili na lori la maziwa, achague, anipe wa pili watatu.

Kosa langu ni moja. Sikufikiria kwamba kitini mdomo unakuwa wazi. Na mdomo ulio wazi una jibu moja tu duniani: aa.

Nilimweleza haja yangu kabla hajanitia kile kioo kidogo. Alipokitia akasema yeye teksi hana haja nazo, anachotaka ni lile jekundu langu, mshindi wa mbio za muda wa saa kumi na mbili, gari zuri kuliko yote niliyonayo. Atanipa moja la wa pili. Nikataka kumwambia ngoja kwanza. Nikasema, "Aa."

Akaongeza, mawili. "Aa." Akacheka, akasema kumbe Bwana Gundi ni mgumu hivi, basi matatu. "Aa." Hapo nilianza kujiona mfanyabiashara mkubwa. Mimi hapa, chali, nabishana na tajiri na namshinda! Kumbe yeye alikuwa anageuza swali tu.

"Kwa hiyo huna kinyongo nikichukua lile jekundu kwa haya matatu?"

"Aa," nikasema.

Akanipa mkono palepale, na msaidizi wake akawa shahidi. Halafu akagundua kwamba jino langu limeoza kweli, la tatu kutoka nyuma. Ameliziba bure, kama sehemu ya biashara. Nimerudi nyumbani nusu ya uso imekufa ganzi, mate yananitoka, na nina wa pili saba. Mwenzangu akauliza kama nimepigwa. Nikasema ni mambo ya klabu.

Lile jekundu nilikuwa nalipenda. Lakini lilishinda, na washindi hawana nafasi kwenye sentensi yangu. Lengo ni lengo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeyachunguza yale matatu kwenye mwanga. Mawili safi. La tatu, lile la buluu, halina magurudumu ya nyuma. Limekaa kama mbwa aliyechoka.

Mbaya zaidi, wakati wa chakula cha mchana nilishuka kwenye ghala la magazeti ya zamani hapo maktabani kuhakikisha. Hilo la buluu halikumaliza wa pili. Halikumaliza kabisa! Lilikuwa la pili hadi mzunguko wa mwisho, magurudumu yakachomoka, likaingia kwenye majani. Daktari kanipa gari lenye magurudumu yaliyochomoka mara mbili, kwenye mbio na kwenye droo.

Mtu mwingine angelia. Mimi nikachukua kalamu. Ninakusanya magari ya mbio yaliyomaliza wa pili, pamoja na yale ambayo yangemaliza wa pili kama magurudumu yasingechomoka. Bado sentensi moja. Nimeihesabu nukta: iko moja.

Kuhusu magurudumu yenyewe, nimeazima vifungo viwili vyeusi kutoka kwenye kopo la mwenzangu. Vimekaa sawasawa, utadhani vilizaliwa pale.

Nilipomsomea sentensi mpya aliacha kukanyaga cherehani. Akasema sentensi imeanza kuota kitambi, inataka kupunguzwa kiunoni. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenzangu anahesabu vifungo. Sikujua. Nani anahesabu vifungo?

Sare moja ilikuwa imebaki na vifungo vitatu badala ya vitano. Amepindua kopo, akapekua zulia, akaifumua hadi mifuko ya ile sare. Alitumia asubuhi yote, mtu mwenye sare thelathini na moja bado. Nilimkuta anatambaa chini ya meza kwa viganja na magoti. Hakunigombeza. Alipoona gari la buluu mkononi mwangu alinyoosha mkono tu, kiganja juu. Nikang'oa vifungo, nikavirudisha. Nilitamani angenigombeza.

La buluu limerudi kuwa mbwa aliyechoka. Nimeliwekea kipande cha kadibodi chini.

Kesho ni mnada. Mwanachama mmoja anahamia mbali na anauza vyote. Nina elfu kumi na tano mfukoni na nidhamu ya chuma. Nimejiandikia kwenye kiganja: WA PILI TU. KUMI NA TANO TU.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mnada uliendeshwa na Katibu wetu, mwamuzi mstaafu wa mpira, ambaye badala ya nyundo anatumia filimbi. Akipuliza, imekwisha, hakuna rufaa. Ukumbi ulijaa. Nilikaa mstari wa tatu, mikono chini ya mapaja, ili isinyanyuke kwa bahati mbaya. Kwa saa nzima sikununua kitu. Washindi walipita, Daktari akawabeba. Wa pili hakuwepo hata mmoja. Nikakaa. Nidhamu!

Kikaja kitu cha manjano. Gari la kuvuta yaliyoharibika, lenye kulabu na mnyororo nyuma. Halijawahi kushindana na mtu. Mimi hata sikulitazama mara ya pili. Nilikuwa nakuna kisigino pale kiatu kilipofungua mdomo, sikufuatilia bei zinavyopanda. Nilipoinua kichwa nikamsikia Katibu anatangaza kwa sauti ya uwanjani, "Moja kwa ishirini na nne! Moja kwa ishirini na nne!"

Hapa lazima nieleze, ili anayesoma asinione mjinga. Vigari hivi vina vipimo. Kuna vikubwa, ambavyo gari halisi limegawanywa mara ishirini na nne: moja kwa ishirini na nne. Na kuna vya kwetu, vidogo kidogo: moja kwa thelathini na mbili. Mtoto wa klabu analijua hilo. Na lile la manjano lilikuwa la kipimo chetu, kipofu angeona. Sasa Katibu wa klabu anasimama mbele ya wageni anatangaza kipimo cha uongo! Uungwana ulinikataza kunyamaza.

Nikasimama. "Moja kwa thelathini na mbili!" nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Daktari akageuka, akanitazama, halafu akanyanyua mikono kama mtu anayejisalimisha. Filimbi ikalia.

Nilieleza. Wallahi nilieleza, kwa kidole, kwa karatasi, kwa rula. Katibu akasema yeye alikuwa anataja bei, gari moja kwa elfu ishirini na nne, bei ya Daktari, na mimi nimepandisha hadi thelathini na mbili, na filimbi haina rufaa. Nilitoa kumi na tano. Iliyobaki nililipa kwa magari. Daktari alijitolea kunilipia na kuyachukua, kwa huruma, yote yasiyo ya wa pili: hamsini na sita, katoni mbili. Aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye gari lake akipiga mluzi.

Kwa hiyo sasa nina saba ya wa pili na moja la kuvuta. Nimekaa chumba cha nyuma nikitazama njia tupu. Nina huzuni, sitaki kudanganya. Lakini ukitazama kwa jicho la kitaalamu, hakuna mkusanyiko wenye lengo kama huu mji mzima. Zamani nilikuwa na vitu. Sasa nina rafu.

Sentensi imeongezwa mkia. Sijamsomea mtu.

Jumapili, 9 Machi

Onyesho. Mwenzangu alikuja, amevaa vizuri, na futi ya kupimia shingoni kwa kusahau.

Rafu tano. Ya Daktari ilikuwa na magari kumi na mawili yanang'aa, taa juu yake, na kadi: Ninakusanya washindi. Kati ya yale kumi na mawili, katikati kabisa, lile jekundu langu.

Yangu ilikuwa na manane, moja limewekewa kadibodi. Katibu akasoma kadi yangu kwa sauti: Ninakusanya magari ya mbio yaliyomaliza wa pili, pamoja na yale ambayo yangemaliza wa pili kama magurudumu yasingechomoka, na lile lililokwenda kuyavuta yalipochomoka. Alipumua mara mbili njiani. Watu wakacheka, nikajua nimekwisha. Lakini Katibu hakucheka. Alipita na kidole, gari baada ya gari, akirudi kwenye kadi kila mara. Akatangaza kwamba hakuna gari lililo nje ya sentensi.

Akaenda kwa Daktari, na daftari lake kuukuu la matokeo ya mbio. Kidole kikapita, kikapita, kikasimama kwenye jekundu. Akafungua daftari. Lile jekundu, akasema, lilivuka mstari likiwa la kwanza, kweli. Miezi mitatu baadaye wakaguzi walikuta tangi lake la mafuta limezidi kipimo, wakalishusha nafasi moja. Kwa hiyo rasmi lilimaliza wa pili.

Wa pili! Gari zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, fahari ya sentensi yangu, nililiacha mwenyewe kwenye kiti cha meno!

Rafu ya Daktari imefutwa. Wengine watatu walikuwa na sentensi mbilimbili. Nimeshinda mimi. Cheti kina muhuri. Nilimfuata Daktari nikamwomba kwa unyenyekevu anirudishie jekundu, kwani kwake sasa halina maana. Alinitazama, mdomo umefungwa kabisa.

"Aa," akasema.

Mwenzangu alinipongeza. Kweli kabisa, kwa mikono miwili. Tulipofika nyumbani akakipigilia cheti ukutani chumba cha nyuma, akavua viatu kwanza, akavuka daraja kwa hatua moja ndefu. Hakusema neno kuhusu cherehani. Neno lake ni neno.

Jumatatu, 10 Machi

Nilirudi mapema kutoka kazini kufurahia ushindi. Nikafunga mlango, nikawasha njia, nikaliachia gari moja la wa pili, lile lenye namba kumi na saba ubavuni. Linakwenda vizuri. Linakwenda vizuri sana.

Mlango ni mwembamba. Nilimsikia sebuleni akitandaza kitambaa, mkasi ukipita sakafuni, krrr, krrr, halafu kimya. Halafu kiti kikisogea, maana akitaka kuinuka lazima ashike kiti. Goti lake likalia. Nililisikia kupitia mlango. Akapumzika, akapiga magoti tena. Mkasi. Kiti. Goti. Nilihesabu mara sita.

Kigari kiliruka kwenye kona, sikukifuata. Nilijiona mtu mbaya. Naandika hivyohivyo, nilijiona mtu mbaya, na cheti chenye muhuri kikinitazama. Nikatoka. Nikamwambia chumba ni chake, achukue leo, nisije nikabadili mawazo.

Hakushangaa. Akatoa kikaratasi mfukoni. Vipimo vya meza ya kukatia, vya pazia, na mahali pa cherehani karibu na dirisha. Tarehe juu: Ijumaa.

"Kwamba ungeshinda, sikujua," akasema. "Ila nilijua usingemaliza siku mbili humo ndani."

Halafu akanishika shavu, upande wenye jino lililozibwa, akaenda kutafuta bisibisi. Tumeing'oa njia pamoja. Nilikuwa na furaha, na pia machozi kidogo, ambayo nilisema ni vumbi la chini ya kabati.

Nimeapa. Basi. Manane haya yatakaa rafu moja sebuleni. Mtu mwenye lengo hahitaji zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Seremala ameleta meza. Ni kubwa kuliko kitanda chetu. Mwenzangu anakata akiwa amesimama, anaimba. Sare ishirini na sita zimekwisha. Nyumba ina amani.

Leo kipande cha chaki yake kilidondoka, nikaingia chini ya meza kumwokotea. Nikakaa huko. Ni kwingi! Mita mbili na robo kwa moja na nusu, miguu minne tu, hakuna anayepatumia. Nikatoa rula.

Njia yangu haitoshi, kona zake ni pana mno. Nilikaribia kukata tamaa. Lakini kuna vigari vya kipimo kingine, nusu ya hivi vyangu, na njia yake inapinda hata kwenye sahani. Mambo ni rahisi ukituliza akili. Kigari nusu ya ukubwa kinachukua nusu ya nafasi, maana yake naweza kuwa navyo mara mbili. Mia moja ishirini na viwili!

Sikupoteza muda. Mchana nilimpelekea Daktari yale manane, pamoja na kadi. Alikuwa anayataka tangu Jumapili, kumbe! Safari hii nilifanya biashara nimesimama, mdomo nimeubana. Kwa pesa ile nimepata mfuko mzima wa vigari vidogo kwa fundi redio wa pale kona, bila hata kuuliza kuna nini ndani. Vinakaribia thelathini. Baadhi vina magurudumu.

Nimevipanga hapa chini, kwa tumbo, kichwa kimeinama. Miguu ya mwenzangu iko pembeni yangu, na vumbi la chaki linanishukia shingoni. Sasa hivi amesimamisha mkasi. Ameuliza, kutoka huko juu, safari hii ninakusanya nini.

Nimemjibu kwa sentensi moja, tena fupi kuliko zote. Kwa sasa ninakusanya kila kitu.